Flaiwili Iliyopunguzwa Uzito na Barabara za Ukambani

Mtu yeyote anayesikiliza injini ya boda boda baada ya flaiwili yake kukerezwa atakubali kwamba kuna kitu kimebadilika. Mkono ukizungushwa kidogo tu, mlio unapaa. Ukiachiliwa, unashuka papo hapo. Mwenye pikipiki anafurahi, fundi analipwa, na habari zinafika stejini kabla ya jioni. Shida ni kwamba mlio huo umesikika pikipiki ikiwa kwenye stendi, gia ikiwa nyutro. Abiria hajapanda, gunia la ndengu halijafungwa nyuma, na mchanga wa mto Tiva uko mbali. Nitaeleza hapa jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, mahali inapoharibika, na hesabu inayonifanya niamini kwamba kwa boda boda wa Kitui na Makueni kazi hii huondoa kitu anachokihitaji sana.

Flaiwili ni chuma kizito kinachozunguka na injini, na chuma cha namna hiyo kina jukumu moja: kupokea nguvu inapozidi na kuirudisha inapopungua. Waliokulia karibu na kinu cha posho wameliona jukumu hilo kwa macho yao. Injini ya dizeli ya Lister aina ya CS, iliyoanza kuundwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, na ambayo nakala zake za India zilienea Afrika Mashariki, ilikuwa na magurudumu mazito ya chuma pembeni na mwendo wa mizunguko 650 tu kwa dakika. Mahindi yakimiminwa kwa wingi ghafla, injini ililemewa, sauti ikabadilika, lakini haikuzima. Magurudumu yale ndiyo yaliyoivusha katika kile kipindi kifupi cha taabu mpaka moto mwingine ukawaka ndani ya silinda.

Pikipiki ya silinda moja ina taabu hiyo hiyo kwa udogo wake. Katika kila mizunguko miwili ya kranki, pistoni husukumwa na moto mara moja. Safari zake nyingine tatu, za kuvuta hewa, kuibana na kutoa moshi, zote hula nguvu. Silinda ya sentimita za ujazo 150 hivi ikijaa hewa, kule kubana peke yake hudai kadiri ya jouli 40. Jouli hizo hutoka kwenye chuma kinachozunguka, au kwenye mwendo wa pikipiki yenyewe ikiwa klachi imeshika. Na akiba iliyomo katika chuma hicho hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: injini inayozunguka mara 7,000 kwa dakika ina akiba mara 25 ya ile inayozunguka mara 1,400. Ndiyo sababu pikipiki haizimi ikiwa inakimbia. Huzima inapoondoka, inapopanda mlima kwa gia isiyofaa, au inapojikokota mchangani. Huko chini akiba tayari ni kidogo, na ndiko flaiwili iliyopunguzwa inakohisiwa.

Nichukue Boxer ya 150 kama mfano, kwa kuwa ni sura ya kawaida katika steji nyingi kuanzia Emali hadi Mwingi. Ni injini ya sentimita za ujazo 144.8, inayopozwa na hewa, yenye nguvu ya farasi 12 hivi kwenye mizunguko 7,500. Katika injini ya aina hii uzito wa kuzunguka uko mahali pawili. Sehemu moja ni mabamba mazito ya kranki, yaliyofichika ndani kabisa. Sehemu ya pili ni bakuli la chuma lililo upande wa mguu wa kushoto, lenye sumaku zilizobandikwa kwa ndani, ambalo mafundi wengi huliita magneti. Fundi wa kando ya barabara analifikia hilo la pili tu. Kranki imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa nguvu nyingi, na kuivunja ili kupunguza mabamba yake ni kazi ya karakana yenye mashine ya kushindilia na vipimo vya kunyoosha. Kwa hiyo mtu anaposema amepunguza flaiwili ya boda boda, amepunguza kipande cha nje, na sehemu kubwa ya uzito imebaki ndani kama ilivyotoka kiwandani.

Kulitoa bakuli hilo ndiko kunakomtenganisha fundi mwenye vifaa na mwenye haraka. Kava hufunguliwa, na kama magneti inaoga kwenye oili, oili humwagwa kwanza. Nati ya katikati hufunguliwa bakuli likiwa limeshikwa kwa kifaa cha kulishikia, kisha pula hufungwa kwenye nyuzi za kitovu na kukazwa mpaka bakuli liachie ncha ya kranki. Asiye na pula huchukua nyundo. Hapo hasara huwa mbili kwa pigo moja. Sumaku zile ni ngumu lakini huvunjika kama kigae, na kranki iliyoshindiliwa ikigongwa kwenye ncha yake hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona ila beringi zitakisikia kila mzunguko. Pikipiki ikitetema tangu siku hiyo, hulaumiwa flaiwili, kumbe kranki ilipinda kabla flaiwili haijaguswa na mashine ya kukereza.

Sasa tulitazame bakuli lenyewe likiwa mezani. Kwa nje, kwenye mzingo wake, kuna kinundu kimoja kirefu chenye unene wa milimita chache. Kila kinapopita mbele ya pikapu, koili ndogo iliyofungwa pembeni, CDI, kisanduku cha umeme wa kuwashia, hupata ishara ya lini itoe cheche kwenye plagi. Nafasi kati ya kinundu na pikapu ni ndogo, kadiri ya milimita moja au pungufu. Jambo hilo linaiamua kazi yote. Mwenye mashine ya kukereza, ambaye amezoea kukereza ngoma za breki na shafti za mikokoteni, hutamani kulifunga bakuli na kupitisha kisu kwenye mzingo kutoka mwanzo hadi mwisho. Akifanya hivyo anakikata kinundu, na pikipiki haitawaka tena mpaka bakuli jingine linunuliwe. Akikibakiza lakini akapunguza unene wake, nafasi inapanuka, na injini itakuwa ngumu kuwaka asubuhi, hasa kwa kiki.

Anayefanya kazi safi hukereza kona ya nje ya mdomo au ya kitako, mahali ambapo chuma hakina sumaku nyuma yake wala kinundu juu yake. Halifungi bakuli kwa kubana mdomo wake na meno ya mashine, kwa maana mdomo ni mwembamba na utakuwa yai. Hukereza kwanza kipande cha chuma chenye mchongoko sawa na ule wa ncha ya kranki, akalikaza bakuli juu yake kwa nati, ndipo kisu kinapita. Anakata kidogo kidogo, sehemu mbili za kumi za milimita kwa kila mpito, na anapumzika, kwa sababu gundi inayoshika sumaku haipendi joto. Vumbi la chuma nalo ni adui wa peke yake. Sumaku hulivuta lote kwa ndani, likaota kama manyoya, wala kitambaa hakiliondoi. Linatolewa kwa utepe wa kunata, mara nyingi, mpaka utepe utoke mweupe. Likibaki, litaenda kusaga waya za koili za chaji, au likiwa kwenye injini ya kuoga oili, litazunguka na oili hadi kwenye beringi.

Kuna swali la usalama ambalo halizungumzwi vya kutosha karakanani. Chuma cha bakuli kina kazi zaidi ya kuwa uzito. Kinazishika sumaku zisiruke nje. Sumaku ya gramu 20 iliyo sentimita 4.5 kutoka katikati, injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, husukuma ukuta wa bakuli kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 60. Ziko kadhaa, na zote zinasukuma kwa pamoja. Ukuta wa kiwandani umepimwa kwa hilo na ziada. Ukuta uliokatwa nusu, au uliochimbwa mashimo ovyo kwa drili ili upungue, haujapimwa na mtu. Kava lililo mbele yake ni aluminiamu nyembamba, na nyuma ya kava kuna kifundo cha mguu wa dereva. Mimi sioni sababu yoyote ya kutoboa ukuta unaobeba sumaku, na fundi anayekubali kufanya hivyo kwa sababu mteja ameng'ang'ania anapaswa kukataa.

Ukuta huo pia ni njia ya sumaku. Nguvu ya sumaku hutoka kwenye ncha moja, ikapita ndani ya chuma cha bakuli, ikarudi kwenye ncha ya jirani. Chuma kikipungua sana, njia inakuwa nyembamba, nguvu inamwagika nje, na koili zinazalisha umeme pungufu. Dalili zake huja polepole: taa ya mbele inafifia, honi inapungua sauti, betri inakufa kabla ya wakati, na starta ya umeme inaachwa kwa kiki. Kwa boda boda anayelaza pikipiki saa tano usiku huko Zombe au Ikutha, taa dhaifu ni hatari kubwa kuliko injini nzito.

Baada ya kukerezwa, bakuli hupimwa ulinganifu. Kipande kile cha mchongoko hulazwa juu ya kingo mbili kali zilizolala sawa kabisa, na bakuli huachwa lijizungushe lenyewe. Upande mzito utashuka. Huo hupunguzwa kwa kukwaruza kidogo mpaka bakuli lisimame popote linapoachwa. Wengi hurukia hatua ya kufunga bila kufanya hivi. Gramu 5 tu zilizozidi upande mmoja, sentimita 5 kutoka katikati, kwenye mizunguko 8,000 huivuta kranki kwa nguvu ya kilo 18 hivi, ikigeuza uelekeo zaidi ya mara 130 kwa sekunde. Injini ya silinda moja hutetema hata ikiwa nzima, ndiyo maana ongezeko hilo halitambuliki mpaka beringi ya kushoto ianze kuimba.

Kufunga kunaonekana rahisi. Mchongoko wa kranki na wa bakuli husafishwa mpaka pasiwe na tone la oili, kisha kii, kile kipande kidogo cha nusu mwezi, huwekwa kwenye mfereji wake na nati hukazwa kwa spana ya kupimia. Watu wengi huamini kwamba kii ndicho kinachoshika bakuli. La. Kinachoshika ni msuguano wa mchongoko kwa mchongoko. Kii kipo kuonyesha bakuli likae wapi. Nati ikilegea, msuguano unapotea, kii kinakatika, bakuli linahama kwa nyuzi chache, na cheche inatoka wakati usio wake. Ndipo pikipiki inapoanza kupiga mateke kwenye kiki au kukohoa kwenye kabureta, na fundi anaanza kubadilisha CDI ambayo haina kosa. Kipimo cha mwisho ni cha umeme: injini ikiwa katika mwendo wa kati, betri ya volti 12 isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo, huenda chuma kilichokatwa kilikuwa kingi mno.

Tuseme basi kila kitu kimefanywa sawasawa. Faida ni kiasi gani?

Tuseme fundi ametoa gramu 200, zote zikiwa sentimita 5 kutoka katikati. Mahali zilipotoka pana maana kubwa, kwa sababu gramu iliyo ukingoni ina ukaidi, yaani ugumu wa kubadilishwa mwendo wake wa kuzunguka, mara nne ya gramu iliyo nusu ya umbali huo. Anayechimba karibu na kitovu anachosha mashine bure. Sasa gramu hizo 200 zilikuwa zikizunguka kwa kasi ya injini, ambayo ni kubwa kuliko kasi ya gurudumu la nyuma. Katika gia ya kwanza, tukichukua kwamba injini huzunguka mara 30 kila gurudumu linapozunguka mara moja, na gurudumu lina nusukipenyo cha sentimita 30, kuziondoa ni sawa na kupunguza kilo 5 za mzigo wa kusukumwa. Katika gia ya juu, ambako injini huzunguka mara 9 hivi, ni chini ya nusu kilo.

Kilo 5 ni robo ya mtungi mmoja wa maji wa lita 20. Pikipiki yenye dereva, abiria na gunia dogo nyuma hufikia kilo 300 bila shida, na uzito wa kuzunguka wa injini, ukihesabiwa kwa gia ya kwanza, unaongeza makumi ya kilo juu yake. Nafuu iliyopatikana iko chini ya asilimia 2 kwenye gia ya kwanza, na inazidi kupungua kila dereva anapopandisha gia. Nguvu ya juu kabisa ya injini haijaongezeka hata kidogo. Moto ni ule ule, petroli ni ile ile.

Mbona sikio linasema vingine? Kwa sababu kwenye nyutro hakuna kilo 300. Injini inajisukuma yenyewe tu. Kama ukaidi wake wote wa kuzunguka ulikuwa mara nane ya kile kilichokatwa, sasa itapanda haraka zaidi kwa asilimia 14, na tofauti ya namna hiyo inasikika na kila aliye karibu. Dereva anasikia asilimia 14, analipia asilimia 14, kisha barabarani anapewa chini ya 2. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Kipimo ndicho kilichokuwa kibaya.

Hasara, kwa upande mwingine, haingoji nyutro. Mito ya Kitui, kama Tiva na Thua, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na njia nyingi za ndani hupita humo humo. Dereva mzoefu huingia mchangani kwa mwendo mdogo, gia ya chini, mkono ukiwa umetulia, akiiachia flaiwili izilainishe zile ngumi za pistoni kabla hazijafika kwenye tairi. Flaiwili ikiwa nyepesi, kila ngumi inafika ikiwa kali zaidi. Tairi linavunja mshiko, linachimba, na pikipiki inakaa. Milima ya Mbooni na Kilungu ina mtihani wa aina nyingine: kuondoka ukiwa umesimama kwenye mwinuko, na mzigo. Akiba ikiwa ndogo, injini inazima klachi inaposhika. Dereva anajifunza kuachia klachi polepole zaidi huku akiongeza mafuta, na plati za klachi ndizo zinazolipa. Kwenye kuteremka, mkono ukiachiliwa, injini nyepesi hupunguza mwendo ghafla, na gurudumu la nyuma juu ya kokoto huvutwa likaserereka. Na injini inayozimazima kwenye mwendo wa chini hatimaye huongezewa skrubu ya kabureta ili izunguke juu zaidi ikiwa imesimama. Kwa mtu anayengoja abiria stejini injini ikiwa inanguruma, hiyo ni petroli inayokwenda kila siku.

Kwa wanaobeba maembe kutoka mashambani kuelekea Kalamba, kilipo kiwanda cha matunda cha Makueni, au mitungi ya maji wakati wa kiangazi, nguvu ya kuondoka ndiyo wanayoitafuta, na wana haki ya kuitafuta. Ila iko kwenye sproketi. Ikiwa sproketi ya nyuma ina meno 42 na ikafungwa ya meno 45, nguvu inayofika ardhini huongezeka kwa asilimia 7, katika kila gia, mzigo ukiwepo au usiwepo. Bei yake ni sproketi na pengine viungo viwili vya cheni. Injini itazunguka zaidi kwenye lami ya Kibwezi kwenda Kitui, hilo ni kweli, na anayeshinda kwenye lami asifanye hivyo. Lakini dereva asipoipenda anarudisha ile ya zamani jioni hiyo hiyo. Chuma kilichokerezwa hakirudi.

Flaiwili nyepesi ina mahali pake. Katika mbio za motokrosi pikipiki haibebi gunia, dereva yuko juu ya mizunguko mingi muda wote, na anahitaji injini ipande na kushuka haraka kati ya kuruka na kukata kona. Lakini waendeshaji wa enduro, wanaopita misituni, kwenye mawe na kwenye mchanga kwa mwendo mdogo, huenda upande wa pili kabisa. KTM huzipa pikipiki zake za enduro za EXC uzito mkubwa zaidi wa kuzunguka kuliko zile za motokrosi za SX, na Marekani kampuni ya Steahly imekuwa ikiuza flaiwili nzito na pete za kuongeza uzito kwa wanaotaka injini isiyozima ovyo. Pikipiki za mashindano ya trials, zinazopanda miamba kwa mwendo wa mtu anayetembea, zina flaiwili nzito kwa sababu hiyo hiyo.

Njia ya Mutomo kuingia vijijini iko karibu zaidi na enduro kuliko na motokrosi. Kwa hiyo kama kuna mtu Kitui au Makueni anayetaka kuigusa flaiwili ya pikipiki ya kazi, ushauri wangu ni aongeze: pete ya chuma iliyokerezwa kwa usahihi, ikafungwa kwenye kitako cha bakuli kwa skrubu zenye gundi ya nyuzi, mbali na kinundu, bila kugusa kava, na ikapimwa ulinganifu kwa njia ile ile. Uzito huo unaning'inia kwenye ncha ya kranki na kuichosha beringi ya kushoto, kwa hiyo gramu 200 zinatosha, na nati ikaguliwe kwa spana ya kupimia baada ya kilomita za mwanzo, kabla kii hakijalazimika kufanya kazi isiyo yake.